Nyambizi ya Fundi wa Kimumu

Fundi wa mtaa wa Kimumu husikiliza chuma kwa kiganja. Kila mara Mzee Kipchumba anapopita kumjulia hali, anamkuta ameinamia nyambizi yake ya mabati, akilipapasa gurudumu zito alilolitoa kwenye mashine ya kusagia unga iliyoungua wakati wa vita vya baada ya kura. Hulizungusha kwa mpini mpaka lingurume, kisha huachilia. Nguvu hubaki humo, ikazungusha feni ya nyuma. Akiinamisha ekseli ya gurudumu kidogo, chombo, kilichoning'inizwa kwa minyororo, hugeuza pua. Hufuta grisi, akaanza tena. Ndani ameweka viti viwili. Mkewe alipandishwa lori siku zile za moto pamoja na wengine wa kabila lake waliofukuzwa, akarudi kwao kisiwani, huko ziwani. Fundi husema atamfuata nyambizi ikiisha. Miaka inapita, haiishi.

“Sasa utaibuka mbele ya wakwe kama kiboko?” Mzee akamtania leo. Fundi akacheka kidogo. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama, naye hakulizungusha tena. “Mke akirudi kwao, mtu hamfuati peke yake,” akasema. “Huenda na mzee wa kumsemea. Na mimi wazee wangu wote nimewazika.” Mzee Kipchumba, aliyemzika mkewe mvua zilipoanza, akakitazama kile kiti cha pili. “Kusema naweza,” akajibu. “Lakini twende kwa basi.” Fundi akapangusa mikono, kidole kwa kidole. “Koti unalo, Mzee?” “Ninalo. Wa kulipiga pasi ndiye sina.” “Lilete,” fundi akasema, akianza kupuliza makaa ya pasi. “Nitalipiga mimi.”