Mlango Uliofungwa "kwa Usalama Wako"

Jua ndiyo kwanza linagusa kamba za kuanikia, na Mama Uzi tayari amezamisha mikono mpaka viwiko ndani ya beseni la mashuka. Anafikicha, anakamua, anainua shuka moja na kulitazama kwenye mwanga, kisha anasonya na kulirudisha kwenye povu. Vidole vyake vimepasuka kwenye maungio. Kila sabuni inapoingia kwenye mipasuko anakunja uso, lakini hasimami.

Nyuma yake, ndani ya chumba kisichozidi upana wa vitanda viwili, imesimama mashine ya kufulia. Ni nyeupe, kubwa, na bado inang'aa. Haina mlango. Mlango wenyewe, duara la kioo lenye fremu ya plastiki, umeegemezwa ukutani kama picha ya marehemu.

"Usiuguse," anamwambia mwandishi, bila hata kugeuka. "Huo ni ushahidi."

Mama Uzi ni dobi. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa sababu kila nguo inayoingia kwake hushonewa uzi mfupi wa rangi kwenye pindo. Kijani ni ya mwalimu wa jirani. Njano ni ya muuza mkaa na ukoo wake mzima. Nyekundu ni ya zahanati ya kujifungulia iliyo mtaa wa pili, mteja wake mkubwa kuliko wote. Tangu aanze kazi, miaka kumi na minne sasa, anaapa hajawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake.

"Labda soksi," anasema. "Soksi zina mambo yake."

Kazi hii alifundishwa na mama mkwe wake, ambaye leo ameketi kwenye kigoda mlangoni akikunja foronya. Miguu imemgomea, mikono bado, na ulimi ndio haujagoma kabisa.

"Nilimpokea hajui hata kukamua," bibi huyo anaeleza. "Anakamua nguo utadhani anaipa pole."

"Mama, mbele ya mgeni?"

"Mgeni na aandike."

Mbali na nyuzi, mkwe alimwachia sharti moja: nguo ya mtu hailali mbichi. Ikishaingia majini leo, leo hiyo hiyo ifuliwe, ikamuliwe, ianikwe. Ikilala na maji inavunda, na harufu ya kuvunda haitoki kwa maneno matamu. Dobi aliyelaza nguo mbichi, kwa hesabu za nyumba hii, si dobi tena bali ni mwizi wa sabuni.

Sharti hilo ndilo lililovunjwa mwezi uliopita. Na aliyelivunja si Mama Uzi.

Mashine ile aliinunua miaka miwili iliyopita, baada ya kujinyima kwa miaka mitatu. Alilipa taslimu, akapewa risiti, akaibeba na mumewe kwenye mkokoteni wa kukodi huku mtaa mzima ukichungulia. Muuzaji alimsisitiza aiunganishe na simu yake ili impe taarifa nguo zikiwa tayari. Mama Uzi aliona ni upuuzi, maana yeye na mashine wanalala chumba kimoja. Lakini aliambiwa bila hivyo dhamana haianzi, basi akaunganisha.

Mwaka jana pampu ya kutoa maji ikafa. Kampuni ikamwambia pampu mpya, pamoja na ufundi, itamgharimu karibu nusu ya bei ya mashine. Mumewe, ambaye huzungusha nguo za wateja kwa baiskeli, akamleta fundi wa mtaani. Fundi akafunga pampu ya aina nyingine. Ilifanya kazi miezi minane bila kukohoa.

Kisha ikaja Jumatatu ile. Mashuka yenye uzi mwekundu yalikuwa ndani, yanazunguka. Simu ikalia na kuonyesha maandishi mengi, madogo, kutoka kwa kampuni ya mashine, kwa lugha ambayo Mama Uzi huijua ya kuombea maji tu. Chini kulikuwa na kitufe kimoja cha kukubali na kingine cha kukumbushwa baadaye.

"Mkono una povu, mteja yuko mlangoni, simu inapiga kelele," anasema. "Nikabonyeza cha kwanza ili inyamaze. Hilo ndilo kosa langu. Nimelikiri mbele ya mkwe, nalikiri na mbele yako."

Mashine ilizima. Ikawaka. Ikatulia kidogo kama inayokumbuka jambo, kisha kwenye kioo chake kidogo yakatokea maneno ambayo sasa mtaa mzima umeyakariri: Kipuri hakitambuliki. Mlango umefungwa kwa usalama wako.

Akaizima na kuiwasha tena. Akachomoa waya, akangoja, akachomeka. Mlango ukagoma kabisa. Akapiga simu kwa kampuni, akasubirishwa kwa muziki mpaka sikio likapata joto, hatimaye akapokewa na binti mwenye sauti ya upole. Mazungumzo yao ameyashika neno kwa neno.

"Mama, mashine imegundua pampu isiyo yetu."

"Hiyo pampu ina miezi minane, haijanisumbua hata siku moja."

"Naelewa, mama. Fundi wetu aliyeidhinishwa atafika wiki ijayo."

"Ndani mna mashuka ya zahanati, binti yangu. Wenye uchungu hawasubiri wiki ijayo."

"Naelewa, mama. Kwa usalama wako, tafadhali usijaribu kuufungua mlango."

"Usalama gani? Mashuka yataniuma?"

"Naelewa, mama."

Mama Uzi anacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Alielewa mno yule mtoto. Simlaumu. Nilikuwa nawasikia wenzake huko nyuma, nao wote wanaelewa."

Fundi wa mtaani akaitwa mbio. Akafungua kifuniko cha chini, akayatoa maji ya ndani na kuyakinga kwa beseni, kisha akapeleka mkono ndani kutafuta kikamba cha dharura. Mashine za zamani za kampuni hiyo hiyo zinacho: ukikivuta, mlango unaachia. Tundu la kikamba alilikuta. Kikamba hakikuwepo.

"Nilidhani wamesahau," fundi alimwambia mwandishi kwa simu. "Nikaenda kuangalia nyingine ya toleo hilo kwa mteja wangu. Nayo haina. Hawakusahau, bwana. Wameondoa."

Bila kumung'unya maneno: mtu akiingia dukani kwako, akafunga kabati lenye mali ya wateja wako na kuondoka na ufunguo, utamwitia polisi. Kampuni ikifanya hivyo kutoka mbali, kwa kupitia simu uliyoinunua mwenyewe, tunaambiwa ni maendeleo na tunaombwa tuvute subira. Inakera. Inakera zaidi ukiwa umesimama mbele ya mashine yenyewe.

Usiku huo mashuka yalilala mbichi. Mama mkwe aligeuza kigoda akaipa mashine mgongo, na mgongo huo, anasema Mama Uzi, ulimuuma kuliko tusi.

Asubuhi akaja mkunga wa zahanati. Ni mwanamke mrefu asiye na papara, lakini siku hiyo aliingia amevimba kwa hasira. Akainama mbele ya mashine, akaweka kiganja juu ya kioo. Mashuka yake aliyaona. Uzi mwekundu aliuona.

"Mama Uzi, mashuka yangu si haya hapa?"

"Ndiyo, dada."

"Basi nipe."

"Siwezi."

"Alfajiri nimezalisha msichana wa watu juu ya nailoni tupu," mkunga akasema. "Katandika gauni lake mwenyewe, ndiyo akazalia hapo. Sasa hana la kuvaa kurudi nyumbani. Na wewe unaniambia mashine imekataa? Mashine ni mume wako?"

Machozi yalimtoka Mama Uzi, na hayakuwa ya huzuni. "Nilikuwa na hasira, ndugu mwandishi. Nimefua nguo za watu waliozaliwa na za waliokufa, hakuna aliyewahi kusimama hapa akanidai kitu ninachokiona kwa macho na siwezi kukigusa."

Mumewe akashika nyundo ili avunje kioo. Mama Uzi akamdaka mkono.

"Una wazimu? Vipande vikiingia kwenye mashuka? Haya ya kulalia wazazi!"

Basi ukatafutwa mtaimbo. Mume akapenyeza ncha kwenye bawaba, fundi aliyeitwa tena akashikilia mashine isiyumbe, mkunga akavua koti lake jeupe na kuukingia mlango kwa chini. Mama Uzi ndiye aliyevuta. Alitaka iwe mikono yake. Bawaba ikalia, plastiki ikapasuka, mlango ukang'oka mzimamzima na kioo chake hakikupata hata mkwaruzo. Harufu ya kuvunda ikawapiga wote usoni.

Mkwe akageuza kigoda chake kuwaelekea: "Leteni mabeseni."

Waliyarudia yote kwa mikono, kikongwe na mkaza mwana wake, uso kwa uso, na mkunga katikati yao akisuuza. Kufikia alasiri mashuka yalikuwa yamekauka, yamepigwa pasi, yako njiani juu ya baiskeli.

Kampuni ilijibu haraka mara hii. Dhamana imefutwa kwa sababu mteja ameharibu mlango kwa makusudi. Na chini ya ujumbe huo, bila haya, ikamwomba aitathmini huduma aliyopata kwa nyota, kuanzia moja hadi tano.

"Nilitafuta ya sifuri," anasema. "Haipo."

Alikwenda kwenye ofisi inayolinda wanunuzi. Afisa alimpokea vizuri, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba sheria inamlinda mtu aliyeuziwa kifaa kibovu, na kifaa chake si kibovu.

"Mashine yako, mama, imefanya kazi kama ilivyokusudiwa," alimwambia. "Na wewe ulikubali masharti."

Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Aliyeitunga sheria hiyo hakuwahi kufikiri kwamba ubaya unaweza kuwa ndio makusudio yenyewe. Na afisa, mwenye mshahara unaotoka kwenye kodi ya huyu dobi, alishika tama, akasikitika, akamfungulia mlango atoke. Wa kwake ulifunguka.

Mwandishi alipoiuliza kampuni kwa nini mlango ulifungwa na mali ya mteja ndani, jibu lilikuwa la mistari miwili: usalama wa wateja ndicho kipaumbele, na vipuri visivyo rasmi huweza kuleta hatari. Kuhusu kikamba cha dharura haikugusia, hata ilipoulizwa tena.

Hasara anaibeba mwenye mikono iliyopasuka. Bila mashine, Mama Uzi anapokea nusu tu ya nguo alizokuwa akipokea. Mwalimu mwenye uzi wa kijani amehamia kwingine, kwa aibu, akipita upande wa pili wa barabara. Zahanati ingekwenda pia, maana mkuu wake alishatafuta dobi mpya, lakini mkunga aligoma.

"Nilimwambia mkuu, nilikuwepo," mkunga anasema. "Nilimwona huyu mwanamke aking'oa mlango wa mali yake kwa ajili ya mashuka yetu. Umtoe yeye, na mimi nifuate."

Kuna mlango mmoja mwingine ambao haujafungwa. Kamati ya bunge inasikiliza maoni ya wananchi juu ya muswada ambao, pamoja na mengine, unamkataza muuzaji kukifunga kifaa kwa mbali kwa sababu tu kimetengenezwa na fundi mwingine. Makampuni yametuma wanasheria, yakitaka kifungu hicho kiondolewe. Sababu yao mnaijua: usalama wenu.

Mama Uzi amejiandikisha kuzungumza Alhamisi. Amepewa dakika tano. Mumewe alimshauri atafute mtu wa kumwandalia hotuba, akakataa. Alipouliza kama anaweza kuingia na mzigo, mlinzi wa geti la bunge alimwambia inategemea mzigo.

Anainuka sasa, anafuta mikono kwenye aproni, anauchukua ule mlango ukutani. Anakipapasa kioo chake kwa upande wa ngumi, kisha anaulaza juu ya shuka safi lililokunjuliwa mezani. Shuka ni la zahanati, mkunga amemwazima. Uzi mwekundu uko pale kwenye pindo.

"Wao watakuja na makaratasi," anasema, akianza kuufunga mzigo. "Mimi nitauweka huu mbele yao, niwaulize swali moja tu. Mashine nililipa. Risiti ninayo. Huu mlango ni wa nani?"

"Na wakikaa kimya?" mkwe anauliza kutoka kwenye kigoda.

Mama Uzi anakaza fundo kwa meno.

"Basi na mimi siketi, Mama. Dakika zao ziishe, wazime taa, wafunge jengo. Nitasimama pale pale na mlango wangu mpaka waniambie."