Gunia la Ndengu Siku ya Kufunga Shule

Wamama wenzangu, leo mdomo wangu umeniaibisha mbele ya shule nzima.

Tulikuwa kwenye mkutano wa wazazi, wa kufunga mwaka. Mwalimu mkuu akasema wasichana waliogoma kula ndengu zenye wadudu hawatarudi Januari. Kiongozi wao? Mwende, binti yangu!

Nikasimama.

"Mwalimu, unataka watoto wetu wale wadudu, kwani ni kuku? Si ndengu tunachanga sisi wazazi? Yule aliyeleta zake bila kutia jivu la kuzuia wadudu ndiye afukuzwe!"

Makofi! Hata mke wa pasta akapiga vigelegele.

Mwalimu akaagiza gunia lenyewe liletwe.

Jina lilikuwa limeandikwa kwa makaa, kubwa kabisa.

Langu.

Ngai! Ningejificha wapi?

"Ni zangu, mwalimu. Unisamehe, na hawa watoto pia."

Alicheka mpaka akatoa miwani. Akasema wasichana wote watarudi.

Njiani nikamuuliza Mwende, "Kwani ulijua ni zetu?"

"Nilijua, mama. Sasa ningekutaja?"

Mtoto alikubali kufukuzwa ili nisiaibike, mimi nikajianika mwenyewe kwa kelele.

Haya, chekeni. Lakini kwanza mfungue magunia yenu.