Nukta Nyekundu za Redio

Mtaani walimwita Redio, na jina hilo halikumkera kwa sababu lilikuwa la haki. Alikuwa fundi rangi, na tangu anapopanda ngazi asubuhi hadi anapoosha brashi jioni, mdomo wake haukupata likizo. Alizipenda kuta kwa kuwa hazimkatizi. Mkewe zamani alikuwa akimkatiza, kisha akachoka, akaacha.

Msitu ulianzia nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba, karibu na kwa Redio. Kwanza misonobari iliyojiotea ovyo, kisha ukipanda nusu saa unafika kwenye mierezi, miti mikubwa kumi na kitu iliyosimama pamoja, na chini yake gogo la kukalia. Mke wa Redio alikwenda huko kila asubuhi kwa miaka ishirini. Mwaka jana akaugua, na alipopona njia zikaanza kumchanganya. Nyuso za watu alizijua, cherehani aliiendesha vilevile, mboga hazikumwungulia. Lakini mfikishe kwenye njia panda, hajui kulia wala kushoto. Mara mbili walimtafuta msituni hadi jua likazama.

Redio akajitolea kumsindikiza. Mambo yakaenda siku nne tu. Siku ya tano mama wa watu alikaa kwenye gogo, akamwambia kwa upole kwamba tangu waanze kuja wawili hajasikia hata ndege mmoja.

"Nataka kutembea peke yangu, mume wangu. Ukiniongoza, najiona nimeshakufa nusu."

Maneno hayo yalimchoma. Alinuna siku mbili, na siku ya tatu akachukua kopo la rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu inayopakwa kwenye mabati, maana ndiyo inayong'ang'ania gome la mti na mvua haiiondoi. Fundi mwingine angepaka bora liende. Yeye alikata duara kwenye kipande cha boksi, akapiga nukta usawa wa kifua kwenye kila mti wa njia, upande wa kwenda na upande wa kurudi, zote saizi moja. Miti thelathini na mmoja, mitatu ya mwisho ikiwa mierezi. Mkewe akaanza kwenda na kurudi mwenyewe, na akirudi alikuwa akiimba jikoni. Miezi miwili Redio alitembea mtaani kifua mbele.

Asubuhi moja yuko juu ya ngazi, anapaka ukuta wa zahanati rangi ya maziwa, akasikia msumeno wa mashine ukinguruma msituni. Mlinzi wa zahanati akamwambia watu wa misitu wamekuja kupunguza miti, lakini asijali, wanakata ile yenye alama tu. Redio akauliza alama gani. Nyekundu, mlinzi akasema, alama ya kukata huwa nyekundu, nani asiyejua?

Redio hakujua. Miaka arobaini kwenye rangi, anajua nyekundu ya mlango na nyekundu ya sakafu, hilo moja ndilo lililompita. Alishuka na kukimbia, kopo mkono mmoja na brashi mkono mwingine, hata hakukumbuka kuviweka chini.

Misonobari minne ya kwanza ilikuwa imeshalala, nukta zake zikitazama juu.

"Zimeni hiyo mashine! Mke wangu yumo humo ndani!"

Wakazima. Msimamizi wao, mwenye kofia ngumu na karatasi kwapani, alimsikiliza hadi mwisho, na kumsikiliza Redio hadi mwisho si kazi ndogo. Kisha akashika kichwa. Alama zao wenyewe, alieleza, zilipakwa na vibarua wenye haraka, zingine hazionekani. Alipoona nukta safi namna ile alidhani ofisi kuu imeleta mtaalamu, akaamuru waanze na hizo. Na mierezi je? Hata mierezi, kama ina nukta.

Redio alitaka sana kugombana na mtu, lakini agombane na nani? Alijipalia makaa mwenyewe, tena kwa kazi nzuri. Msimamizi akampa saa moja afute nukta zote, kwa sharti kwamba asipake tena mti wowote wa msitu ule. Redio akawaza buluu, akawaza njano. Msimamizi akatikisa kichwa kabla Redio hajafungua mdomo, akasema rangi yoyote ile. Ikabidi akubali.

Akapanda akifuta. Mti mmoja, pande mbili, rangi ya maziwa, mti unaofuata. Alimlaani mlinzi, akailaani rangi ya mabati, akailaani mikono yake isiyojua kulipua kazi. Mkewe alikuwa kule juu akitegemea nukta zile zimrudishe nyumbani, na mumewe mwenyewe ndiye aliyekuwa akizimaliza, mti kwa mti. Leo angemrudisha yeye mwenyewe. Kesho je?

Alimkuta kwenye gogo, ametulia. Mkewe alitazama kopo, akatazama brashi, akangoja. Redio alieleza kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kutumia maishani.

"Basi futa," mkewe akasema. "Mierezi ibaki."

Akaifuta yote mitatu. Mkewe akasogea hadi mwanzo wa njia ya kushuka, akatafuta nukta ya kwanza. Misonobari yote ilifanana.

"Nilikuwa najua kurudi," alisema. "Miezi miwili nilikuwa najua kabisa." Kisha akanyoosha mkono. "Nishike. Lakini usiseme kitu."

Redio akamshika, wakashuka. Ndege walilia juu yao na yeye akayameza maneno yake yote, ingawa yalimwasha. Walipofika kwenye njia panda akahisi mkono wa mkewe ukimvuta kushoto. Nyumbani ilikuwa kulia.

Redio aliuma meno, akamfuata kushoto.