Mama wa Juu ya Lori

Bonga si Ulaya. Kutoka chumba chetu cha kupanga karibu na soko la Babati, mtu mwenye miguu mizima alifika huko kabla jua halijawa kali. Nalisema hili kwanza kwa sababu mama alizoea kusema "huko Bonga" kana kwamba mdogo wangu alikuwa ng'ambo.

Baba alifariki mdogo wangu angali ananyonya. Ilikuwa ile miaka ya themanini, madukani hamna sabuni wala sukari, na kanga ilitafutwa kama dawa. Mama aliona upenyo. Alinunua samaki wa ziwani, akawakausha, akawapeleka Kondoa kwa lori na kurudi na chochote kilichopatikana. Mtoto alimwachisha ziwa mapema, akampeleka Bonga kwa bibi, mama yake mzazi. "Nikishapata bati nitamchukua," alisema. Mimi nilibaki naye kwa ajili ya shule, na kwa ajili ya kugeuza samaki juani.

Bati likapatikana. Akataka saruji. Saruji nayo ikapatikana kwa taabu, akataka duka mbele ya nyumba. Bibi alimwambia, "Mshika mbili, moja humponyoka." Mama akajibu kwamba maskini hana hata moja ya kushika. Hapo hasira yangu hugonga mwamba hadi leo, maana nilishiba na nilivaa viatu.

Lori la Kondoa lilipita mbele ya nyumba ya bibi. Dereva hakupenda kusimama. Likizimika, abiria walishuka kulisukuma. Kwa hiyo mama, akiwa juu ya magunia, alirusha kifurushi cha sabuni au chumvi na kupunga mkono. Mdogo wangu alikimbia kukiokota. Malezi yake yalikuwa hayo.

Nyumba ilipokamilika, duka likiwa na bidhaa, tulikwenda kumchukua. Mama alivaa kitenge kipya. Njia nzima alikuwa akikinyoosha na kukinyoosha tena, mwanamke aliyegombana na madereva bila kupepesa macho. Mdogo wangu alikuwa amefikia umri wa kuchunga mbuzi. Bibi alimwita, naye akaja, akainamisha kichwa kama alivyofunzwa, akamwamkia mama shikamoo kwa jina alilosikia wakubwa wote wakimwita: Mama, kisha jina langu mimi. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Hakuna aliyefikiria kumweleza yule mtoto kwamba mama huyo ni wake pia.

"Marahaba," mama aliitikia. Angefanya nini?

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, huyu ndiye mama yako."

Mtoto alinitazama mimi, akamtazama mama, kwa adabu kabisa. "Huyu ni mama yake dada," alisema, akashika kanga ya bibi. Hakulia. Afadhali angelia.

Hatukumchukua. Njiani mama alisema tungerudi baada ya mavuno, na mavuno yalipopita hakulitaja tena. Alinunua kiwanja kingine, kisha kingine, na sikumwona akifurahia hata kimoja. Nilimchukia, nikamhurumia, na vyote viwili havikumsaidia mtu.

Mdogo wangu sasa ana watoto wake. Ni mtu mpole, hana kinyongo na yeyote. Tukikutana huniuliza habari za nyumbani, kisha huuliza, "Na mama yako, hajambo?"