Kizimba Hakikupinda

Ernesti Komba hakuweza kulipita bomba la chuma bila kuligonga. Liwe mlingoti wa bendera, nguzo ya taa au mguu wa kitanda cha nyumba ya wageni, alikunja kidole, akagonga, akainamisha kichwa kusikiliza. Mkewe Ruthi aliolewa naye akiwa na tabia hiyo. Siku ya harusi, padri alipogeuka kuchukua kitabu, bwana harusi aligonga uzio wa altare kisha akamnong'oneza bibi harusi, "Jembamba hili. Wamepunjwa." Ruthi alicheka ndani ya shela, na shangazi zake walioteremka kutoka Soni, Walutheri watupu, wakadhani analia kwa kuingizwa ukatoliki.

Ernesti alizaliwa kwenye kambi ya mkonge nyuma ya Pongwe. Baba yake alikuja kutoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge. Mkataba ukaisha, yeye asirudi. Ernesti alijifunza kuchomelea kwenye karakana ya shamba, akiunga minyororo na magurudumu ya matrela. Shamba lilipopunguza watu, alikodi banda Chumbageni akawa fundi wa mageti na nondo za madirisha, kama mafundi wengine wote. Kilichomtoa kwenye kundi lao ni magari ya rali.

Gari la mashindano likipinduka, paa lake halina maana, hubonyea kama kopo. Ndiyo maana ndani yake hujengwa kizimba cha mabomba, ambacho mafundi hukiita keji, ili gari likigeuka miguu juu, uzito wake uangukie chuma badala ya shingo za watu. Ernesti alijenga keji kwa mabomba mazito yasiyo na mshono. Wenye haraka walipomwomba atumie mabomba ya maji aliwaelekeza kwa fundi bomba. Tena aliijua chumvi ya Tanga. Gari lililokaa pwani huweza kuwa na sakafu inayong'aa kwa rangi, na chini ya rangi kutu imekwisha kula kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kusimamisha bomba lolote alikwangua sakafu hadi aone chuma cheupe, akachomelea sahani nene za chuma, na juu ya sahani hizo ndipo miguu ya keji ikasimama.

"Yakhe Ernesti," Hatibu, mpaka rangi wa banda la pili, alikuwa akimwambia, "hilo ni gari au banda la kuku?"

"Banda la kuku. Wewe jogoo ingia tukupime."

"Mimi na umri huu? Nipime jeneza, nitakuwa mteja wa hakika."

Ndivyo walivyokuwa, mchana kutwa, na Ruthi akiwasikia kutoka kwenye kibaraza cha nyumba yao iliyopakana na banda, alikokuwa na cherehani yake.

Asaad alipoleta Subaru yake alikuja na dada yake Rahaf. Walikuwa watoto wa Bi Ghanima, mjane wa ukoo wa Kiomani mwenye nyumba za kupangisha barabara ya tatu kutoka hapo. Asaad ndiye dereva. Rahaf ndiye aliyekaa kando akiwa na karatasi, akimsomea kona kabla hawajazifikia. Ernesti alimtazama binti aliyevaa baibui na raba za kukimbilia, akamgeukia kaka yake.

"Na huyu naye anaingia humu?"

"Muulize mwenyewe, fundi. Mimi mbele yake sina kauli."

"Shikamoo, Baba Queen," Rahaf alisema. "Huyu bila mimi anaishia mtaroni. Hata nyumbani kwetu anakosa mlango."

Ernesti akacheka. Tangu siku ile alimpenda kama alivyompenda Queen, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameolewa Arusha.

Keji ilimalizika vizuri. Tabu ilikuja kwenye mikanda. Mikanda ya mashindano si kama ule unaofungwa kwenye gari la kawaida. Miwili hushuka mabegani, miwili huzunguka kiuno, na miwili hutoka sakafuni ikapita katikati ya mapaja hadi kwenye kifungo cha tumboni. Hii ya chini mtu asiyejua huiona ya ziada. Kumbe kazi yake ni kuuvuta mkanda wa kiuno ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Na urefu wake hurekebishwa chini ya siti, mahali ambapo aliyekwisha kaa mkono wake haufiki. Ni lazima fundi apime mtu akiwa amekaa, mkono mmoja chini ya siti, mwingine kwenye kifungo.

Kwa Asaad ilikuwa kazi ya dakika chache na matani mengi. Kwa Rahaf, Ernesti alisimama mlangoni mwa gari akifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imekwisha kutakata.

"Fundi, funga," alisema Rahaf, aliyekuwa amevaa ovaroli pana ya rali. "Wewe leo daktari, mimi mgonjwa."

"Ngoja kwanza." Akapaza sauti. "Mama Queen! Hebu njoo."

Ruthi akaacha cherehani. Mumewe alimwelekeza akiwa amesimama nyuma ya gari, amewapa kisogo, na Ruthi akaingiza mkono, akavuta, akauliza, akavuta tena hadi Rahaf alipopiga yowe, "Mama, pumzi!"

"Hapo hapo," Ernesti alisema huko nyuma. "Akilalamika ndiyo imekaa."

Ikawa desturi. Gari likirudi kutoka rali na mikanda kufunguliwa ili isafishwe vumbi, Ruthi ndiye aliyeitwa kumfunga Rahaf. Hakuna aliyeona ajabu. Mtaani watu walimsifu Ernesti kwa hilo: ni fundi, lakini ana haya, anajua mtoto wa watu ni mtoto wa watu. Ruthi naye alijisikia fahari. Mafundi wangapi wa mjini wangepata nafasi ile na wakageuza shingo?

Mwaka uliofuata Asaad aliagiza siti mpya. Zikachelewa bandarini, zikafika siku mbili tu kabla ya rali iliyokuwa ipite kwenye mashamba ya mkonge upande wa Pangani. Zilikuwa za chini kuliko za zamani, na matundu ya mikanda yalikuwa mbele zaidi. Kila kipimo kilibadilika. Wiki hiyohiyo Ruthi alikuwa Soni kumzika shangazi yake, na kwao mtoto wa kike hatoki msibani kabla ya kuanua matanga.

Ijumaa mchana Ernesti alimpigia simu. "Unarudi leo?"

"Leo haiwezekani, Baba Queen. Tunaanua kesho. Kuna nini?"

Nyuma ya sauti ya mumewe Ruthi alisikia vijana wa rali wakicheka na nyundo ikilia.

"Hakuna. Wasalimie huko."

Jumamosi, kabla ya saa sita, kwenye kona yenye changarawe, Subaru iligonga kisiki, ikapinduka, ikaviringika ndani ya mkonge. Watu walipofika waliikuta imelala ubavu, paa lote limekunjika, lakini chini ya paa keji ilikuwa imesimama vilevile. Hakuna bomba lililopinda. Asaad alitoka kwa miguu yake, amechubuka kidevu. Rahaf naye hakuwa na damu hata tone. Alisema tu kwamba tumbo linamuuma. Alifariki hospitalini kabla ya alasiri, na jioni ileile akazikwa.

Ruthi alizipata habari ndani ya basi. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha cherehani yake, hajavua buti.

"Pole, Baba Queen," alisema, akajikaza. "Lakini keji yako imemwokoa mmoja. Kule stendi wote wanazungumza hilo."

"Nani alimfunga Rahaf?" Ernesti aliuliza.

Ruthi hakuelewa.

"Nakuuliza, nani alimfunga? Wewe ulikuwa Soni." Akaitazama mikono yake. "Nilimkalisha. Nikageuza uso nikavuta kwa ncha za vidole. Mikanda ya chini ikabaki imelegea, ukubwa wa kiganja hivi. Nikajua. Akaniuliza, 'Fundi, imekaa?' Nikamwambia imekaa."

"Kaka yake alikuwa wapi?"

"Ametoka swala ya Ijumaa kaenda kwenye kikao cha madereva. Na angekuwepo ningemwambiaje? Kamtazame dada yako mapajani?"

"Na mimi kwenye simu? Kwa nini hukuniambia?"

"Vijana wote wale wamesimama pale, ningekwambiaje?"

"Ungesema njoo. Neno moja. Ningeliacha hilo tanga na ndugu zangu wangenitukana hadi nife, lakini ningekuja." Sauti ya Ruthi ilipanda, naye hakuizuia. "Mama ntilie yule wa kona je? Naye hukumwona? Si mwanamke yule?"

"Nilimwona," Ernesti alisema. "Alikuwa anakaanga samaki. Niliona haya kumwita."

Waliulizana mengi siku zile, na yote yakarudi palepale. Mkanda wa kiuno haukuwa na kitu cha kuushika chini, ukapanda ukazama tumboni. Wakaguzi wa rali walitazama nyuzi na vifungo, wakaona vipya. Polisi waliandika mwendo kasi. Hakuna mtu hata mmoja Tanga nzima aliyeuliza kuhusu mkanda. Wawili tu walijua, nao walilala kitanda kimoja.

Baada ya hitima, Ernesti alivaa shati la kanisani. "Twende kwa Bi Ghanima. Nataka kumwambia."

Njia nzima Ruthi aliomba Mungu ampe mumewe ulimi, kisha akaomba asimpe, kisha akaacha kuomba. Sebuleni walikuta wanawake wa ukoo wamejaa. Bi Ghanima aliinuka kwa shida, akamshika Ernesti kwa ncha ya mkono wa shati, yeye ambaye maisha yake yote hakuwa amemshika mwanamume asiye wa kwao, akawageukia wageni.

"Huyu ndiye. Chuma cha huyu ndicho kilichonirudishia Asaad."

"Mama," Ernesti alianza, "nimekuja kukwambia…"

"Usiniambie pole, fundi. Wewe umefanya yako. Ni mimi." Machozi yalimtoka bila sauti. "Baba yake angekuwa hai asingekubali. Mimi nilimruhusu. Watu waliniambia, mtoto wa kike gani huyu unayemtia kwenye magari ya fujo, nikawajibu mwacheni. Nimemuua mwanangu kwa kumdekeza."

Ruthi alimtazama mumewe. Sasa, aliwaza. Sasa mtue mzigo huyu mama. Ernesti alifungua mdomo. Mwanamke mmoja akaleta kahawa. Akapokea kikombe, akasema, "Ni kazi ya Mungu, mama," akanywa.

Nje, walipofika kwenye kona, Ruthi alisema, "Umemwacha na dhambi isiyo yake."

"Wewe ulikuwa na mdomo pia," alijibu Ernesti. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma.

Kila Idd, tangu mwaka ule, Bi Ghanima alileta sinia: biriani, halua, na maua ya asumini juu ya kitambaa. Ernesti hakuonja. Alisingizia kisukari hadi kisukari kikaja chenyewe. Lakini sinia haliwezi kurudi kwa mwenyewe likiwa tupu, kwa hiyo ni Ruthi aliyegawa biriani kwa majirani, akalisugua sinia, akalijaza maparachichi na matunda damu ya Soni, akalipeleka, akapokea shukrani nyingine. Bi Ghanima alimkalisha kila mara. Kila mara alimwuliza kama alifanya kosa kumruhusu Rahaf. Ruthi alisema, "Hapana, mama," na alijua kwamba neno hilo peke yake halina nguvu ya kumponya mtu.

Ernesti hakujenga keji tena. Madereva walitoka hadi Moshi na Mombasa kumfuata, wakidhani anajipandisha bei. Hatibu aliacha matani yake ya banda la kuku, bila kujua sababu, kwa kuwa aliona hayachekwi tena. Banda likarudia mageti na nondo za madirisha. Nyumbani hawakugombana. Walizungumza habari za chumvi, maji na simu za Queen, na kila mmoja aliogopa kumaliza sentensi ndefu. Ruthi alizoea kumsikia anavyopumua akiwa macho, na yeye akajifanya amelala.

Mguu wa Ernesti ulipata kidonda kisichopona, na figo zikafuata. Alilazwa. Asubuhi moja, jua limeingia hadi kwenye shuka, Ruthi akimlisha uji, Ernesti alisukuma kijiko kwa kidevu. Alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu.

"Nimwite?" Ruthi aliuliza. Hakutaja jina. "Ni karibu hapa. Namleta sasa hivi, umwambie, ukapumzike."

Ernesti akatikisa kichwa.

"Basi nimwambie mimi? Ukiniruhusu nitamwambia."

Ruthi aliweka bakuli chini. Ernesti akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo Ruthi hakujua kwamba bado anazo.

"Akija msibani," alisema, "usimwache anishukuru mbele ya watu."