Haragwe la Simeo Semboja

Kwa miaka kumi na mmoja Simeo Semboja, mzaliwa wa Kwaluguru, alifagia hospitali ya shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, na hakuna aliyemwuliza swali lolote isipokuwa ufagio uko wapi. Mwaka 1951 ikatangazwa nafasi moja ya dresa msaidizi, yaani msafisha na mfunga vidonda, naye akajiandikisha. Daktari, Mwingereza aliyekijua Kiswahili vizuri, alimweleza wazi kwamba kazi ya kufagia inafutwa: akishinda mtihani atavaa kaki, akishindwa atarudi kukata mkonge.

Kusoma alijua. Kilichomsumbua ni majina ya Kilatini, yaliyoingia sikio hili na kutokea lile. Baya kuliko yote lilikuwa hilum. Akamwendea Habakuki, dresa mkuu, kijana aliyepiga pasi hata leso yake. Habakuki alimfafanulia kwa madaha kwamba Warumi wa kale walilitumia neno hilo kwa kitu kidogo kisicho na thamani. Wengine walisema ni kile kinachong'ang'ania haragwe. Wataalamu wa mimea wakalichukua kulitaja kovu lililobaki pale mbegu iliposhikana na ganda lake. Madaktari nao, kwa kuwa figo limefanana na haragwe, wakakiita hivyo kibonyeo chake, mahali mishipa inapopita.

"Kitu kidogo kisicho na thamani, Mzee Simeo," alimalizia. "Wewe hutalisahau."

Siku hiyohiyo Semboja alitia maharage matatu mfukoni, na kila alipoinama kufagia alipapasa kovu kwa dole gumba huku midomo ikicheza. Wagonjwa walidhani anasali. Mmoja akamwomba aliombee jipu lake. Mkewe Grasiana, binti wa kutoka Dindira, hakudanganyika. Aliifua kaptula na maharage yake, mvua ikanyesha siku tatu bila kukoma, na haragwe moja likachipua mfukoni.

"Ukitaka shamba, nenda Kwaluguru," alimwambia. "Kaptula ni ya kuvaa."

Siku ya mtihani Daktari alimpa figo la mbuzi, akamwagiza aliweke kwenye sinia na kuonyesha hilum. Semboja alilishika kwa vidole viwili, akalilaza taratibu, kibonyeo kikielekea chini, akalikandamiza kidogo. Juu ukabaki mgongo mtupu, laini kama kipara. Habakuki, aliyesimama kando, akatoa leso kufunika kicheko.

"Iko wapi?" Daktari aliuliza.

"Iko chini, Bwana Daktari. Mama mkwe wangu ndivyo anavyopanda. Kovu likitazama juu, mbegu huoza."

Semboja akagundua alichokifanya, na akaona panga la mkonge likimngoja. Daktari akaligeuza figo mwenyewe, akauliza ni nini kinachopita hapo.

Hapo ulimi wake ukafunguka. Akataja mshipa unaoleta damu, ule unaoirudisha, na mrija wa mkojo. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba haragwe nalo hulishwa kupitia pale lingali ndani ya ganda. Jambo dogo kweli, lakini bila hilo hakuna haragwe, na pengine wale Warumi hawakuwahi kulima.

Daktari alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaandika jina la Semboja kwenye fomu.

Jumatatu Semboja alivaa kaptula mpya ya kaki. Alipotaka kutia mkono mfukoni, haukuingia: Grasiana alikuwa ameishona mifuko yote miwili. Haragwe akalitia ndani ya soksi, akaenda kazini akichechemea kidogo.