Siku Chura Alipoingia Zizini

Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka ina utamu wake. Inafanana na sukari iliyoungua sufuriani, ila imechanganyika na kutu na mpira wa moto, na ikishakuingia puani utotoni haitoki tena. Wenzangu wakiisikia barabarani hufunga vioo. Mimi hujiona niko Mkuyuni, nje ya nyumba yetu iliyobanwa na mawe makubwa ya mlimani, nimepiga magoti mbele ya gari jekundu la milango miwili, grisi imenijaa hadi kwenye viwiko, na mama ananiambia, "Kabula, nimesema spana namba kumi na mbili, si namba kumi." Wasichana wengi walijifunza kupika na kusuka kwa mama zao. Hayo nami nilijifunza, msije mkasema sikulelewa. Lakini mwaka ule aliofariki baba, mama na mimi tulibadilisha pampu ya maji ya gari la spoti, sisi wawili peke yetu, na aliyetaka kucheka alicheka.

Gari lenyewe baba alilinunua likiwa bovu, kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Baba alikuwa fundi wa injini za boti, na kwa miezi mingi kila akitoka kazini aliliinamia mpaka likawaka. Lilikuwa fupi, limelala chini kama linanusa barabara, na taa zake za mbele zilifichwa ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe, zinainuka. Watoto wa mtaani walipoziona zikiinuka mara ya kwanza walitimua mbio, kisha wakarudi wakicheka, wakaliita Chura. Jina likaganda. Jumapili nyingine baba alitupeleka Bujora kutazama ngoma, mama mbele, mimi nimejikunja kwenye kile kiti cha nyuma ambacho hata mbuzi angekilalamikia, na njia nzima watu wakitupungia mikono. Nilikuwa naringa, sifichi. Mtoto wa Chura nilikuwa mimi, na sikutaka kubadilishana na mtu.

Kisha baba akaugua, na haukuwa ugonjwa wa kukawia. Pampu ya maji ilikuwa imeanza kuvuja akiwa kitandani, hivyo Chura alibaki ameegeshwa kando ya jiwe, vumbi juu, kuku chini. Tukamzika baba kwao, kwenye mji wa babu, upande wa pili wa ziwa, mwendo mfupi ukishapita Busisi. Msiba ulipotulia, ukoo ukakaa kikao. Mdogo wake baba, baba mdogo Maige, ndiye aliyeleta habari ya gari. Alikuwa na pikapu yake nzuri tu, lakini tangu zamani alimmezea Chura mate. "Lile gari si la mwanamke," alisema. "Mjane na gari jekundu, watu watatuelewaje? Tena ni bovu, linachemsha. Litaozea pale kwenye mawe." Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wengine, na nilidhani atalia. Hakulia. Alisema, "Si bovu. Ni pampu."

Babu alikuwa mfugaji tangu utosini hadi kwenye kucha, na kila jambo la dunia alilipima kwa ng'ombe. Kwake, mirathi ya mifugo ilikuwa na sheria moja: ng'ombe hahesabiwi mpaka aingie zizini kwa miguu yake mwenyewe. Anayebebwa au kuburutwa hahesabiwi, maana huyo ni nyama tayari. Akakikuna kidevu chake, akasema na gari ni hivyohivyo. Siku ya kugawa mifugo lije zizini kwa moto wake lenyewe. Lisivutwe, lisisukumwe, mkono wa mtu usilisogeze. Likifika, ni la Kabula na mama yake. Likishindwa, Maige alichukue. Baba mdogo alitabasamu kama mtu aliyeshapewa funguo. Mimi nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu, hasira zimenijaa hadi masikioni.

Tuliporudi Mkuyuni, mama alimwita fundi wa gereji ya pale chini barabarani. Akafungua boneti, akaguna, akasema pampu ya gari la namna hii haipatikani Mwanza nzima, na mama angefanya busara akubaliane na shemeji yake mapema. Mama akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Aliporudi alijifunga khanga kiunoni, akalitoa sanduku la spana la baba chini ya kitanda. Mama alikuwa fundi cherehani. Lakini miaka yote baba alipokuwa chini ya lile gari, nani mnadhani alikuwa ameshika tochi? Macho yake yalikuwa yameona kila kitu.

Aliifungua ile injini kama anavyofumua gauni la mteja, bila haraka na bila kupoteza kifungo. Tulimwaga maji ya rejeta kwenye beseni, yakatoka mekundu kwa kutu. Tukalegeza mkanda, tukatoa feni na puli yake. Kila bolti iliyotoka, mama aliichomeka kwenye kipande cha boksi alichochora umbo la pampu, kila moja kwenye tundu lake, maana nyingine zilikuwa ndefu na nyingine fupi, na ukizichanganya umekwisha. Bolti moja ilikataa. Tuliimwagia mafuta ya taa tukaiacha, tukairudia, ikakataa. Majirani walikuwa wamekaa juu ya mawe wanatutazama kama wako uwanja wa mpira. "Mama Kabula, mwite mwanaume basi!" mmoja alipaza sauti. Mama akachomeka bomba la chuma kwenye mkia wa spana ili iwe ndefu, akaniita, tukaning'inia wote wawili. Ilipoachia ilitoa mlio mkali, tukaanguka mchangani, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Niliposikia kicheko kile nilijua gari hatulitoi.

Pampu ilipotoka, ukiushika mhimili wake ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Mama hakwenda dukani na jina la gari. Jina la gari lilikuwa linawatisha wauza spea. Aliichora pampu kwenye karatasi yake ya kukatia nguo, umbo zima na kila tundu, kama anavyochukua kipimo cha kola, akaenda nayo mjini. Nilimfuata duka kwa duka na ile pampu kuukuu kwenye kikapu. Walikuwa wakiuliza, "Gari gani, mama?" naye akijibu, "Usiniulize gari. Nitolee pampu ulizonazo nizipime." Wengine walikasirika. Mmoja alituambia tusimchafulie kaunta. Na hatimaye, kwenye kiduka kimoja chenye giza, ile karatasi ikakaa sawasawa juu ya pampu ya gari la kawaida kabisa, la watu wa kwenda sokoni na kanisani. Kumbe majigambo yote ya Chura yalikuwa kwenye mabati. Tumboni alikuwa na injini ya watu wote. Mama aliliambia lile gari tulipofika nyumbani, "Na wewe ulikuwa unaturingia nini?"

Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya pampu na injini, tuliikata wenyewe. Mama aliweka karatasi ngumu juu ya uso wa chuma, akaigongagonga pembeni kwa nyundo ndogo hadi alama ikajichora, kisha akaikata kwa mkasi wake wa nguo, ule ambao mimi sikuruhusiwa hata kukatia uzi. Tukapaka grisi, tukafunga pampu mpya, bolti kila moja kutoka kwenye tundu lake la boksi, tukajaza maji, tukawasha. Likawaka. Halikuvuja hata tone. Wale wa kwenye mawe walipiga makofi, na wengine waliondoka kimyakimya, nami niliwaona na ninawakumbuka.

Siku ya kikao cha kugawa mifugo ilipofika tuliondoka asubuhi, mama amevaa kitenge chake kizuri na viatu vya kanisani. Hadi Usagara mshale wa joto ulikaa katikati kama mtoto mtiifu. Tulipofika Kigongo tukakuta foleni ndefu ya kusubiri kivuko, jua limeshaanza kuchoma, na baba mdogo Maige yuko nyuma yetu na pikapu yake. Kusogea kidogo, kusimama. Kusogea kidogo, kusimama. Nikauona mshale unapanda. Nikaukodolea macho tu, nikidhani nikisema ndiyo nitaupandisha zaidi. Mara ile harufu tamu ikaingia ndani, moshi mweupe ukachungulia pembeni mwa boneti, na mama akazima injini. Palepale kivuko kikafungua mlango na foleni mbele yetu ikaanza kwenda.

Mnajua watu wetu walivyo. Gari likizimika huku, huombi. Wauza samaki, makondakta, abiria walioshuka kunyoosha miguu, wote wanakuja na mikono iko tayari, na kesho hawakumbuki kama walikusaidia. Ni ustaarabu wetu, na ninaupenda. Baba mdogo aliujua vizuri. Alishuka kwenye pikapu akapaza sauti yenye huruma ya kupindukia: "Jamani vijana, msaidieni shemeji yangu, ni mjane! Msukumeni aingie kwenye feri!" Wakaja kundi zima, wema mtupu usoni.

Niliruka nje. Nilikuwa msichana mdogo mwenye miguu kama vijiti, nikaegemeza mgongo kwenye buti ya Chura, nikatanua mikono, nikapiga kelele zilizosikika hadi majini: "Asiliguse mtu! Gari hili halisukumwi!" Wakacheka. Mmoja akauliza mtoto huyu amepatwa na nini. Mwingine, mzee wa heshima, akasema mtoto gani huyu anawafokea watu wazima, na alikuwa na haki, kwa sababu sikuwa nimemwamkia hata shikamoo. Machozi yalikuwa yananitoka lakini mikono sikuishusha. Mama alivuta breki ya mkono, akashuka, akasimama kando yangu. "Ndugu zangu, asanteni, moyo wenu nimeuona. Lakini msiliguse." Honi zilikuwa zinalia nyuma. Baba mdogo akasema, "Shemeji, acha kiburi." Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Tangulia, shemeji. Wasalimie. Waambie tunakuja." Magari yakatuzunguka, yakaingia. Pikapu ikaingia. Kivuko kikaondoka na baba mdogo amesimama ukingoni anatupungia mkono. Ningekuwa na jiwe ningelirusha.

Tukakaa kwenye kivuli cha gari kusubiri lipoe. Pampu haikuvuja, mkanda ulikuwa sawa, maji yalikuwepo. Mama alirudia hatua zote kwa vidole, akafika mwisho, akaanza tena. "Baba yako alikuwa anafanya kitu kingine mwishoni," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshakwenda kuepua chakula." Nami nilikuwepo! Mimi ndiye niliyekuwa nabaki naye. Nikamwambia, "Alikuwa anakamua." Baba alikuwa akiacha kifuniko cha rejeta wazi, injini inanguruma, akiubana na kuuachia ule mpira mnene wa juu wa kupitisha maji kama anayekamua ng'ombe, hadi mapovu yote yaishe. Alikuwa anatoa upepo uliojificha ndani. Sisi tulijaza maji tukafunika, upepo ukabaki umekaa kama mgeni asiyetaka kuondoka. Injini ilipopoa nilikimbia ziwani na dumu, tukafungua kifuniko, mama akawasha na kumimina taratibu, mimi nikakamua. Rejeta ikacheua, ikatoa mapovu, ikanywa maji, ikacheua tena. Nilikamua hadi vidole vikafa ganzi. Mapovu yakaisha. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia. Kivuko kilichofuata tukakiingia kwa moto wetu wenyewe.

Tulipofika kwa babu, kikao kilikuwa kimeshaanza na baba mdogo alikuwa ameshasimulia jinsi gari lilivyokufa Kigongo. Wakasikia muungurumo kabla ya kutuona. Mama aliinua zile taa mchana kweupe, kwa ufedhuli tu, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni pa zizi. Babu akasimama, akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyompapasa ndama. "Limesukumwa?" "Hapana, baba," mama akajibu. Baba mdogo akadakia kwamba lilizimika, yeye mwenyewe aliliona, lilikaa pale Kigongo kama maiti. Babu hakugeuka hata kumtazama. "Sikuuliza lilipumzika wapi," alisema. "Fungueni zizi." Na Chura akaingia zizini, mataa juu, samadi hadi kwenye rimu, ng'ombe wakamkodolea macho, na akahesabiwa.

Sasa mama ni bibi na mkasi wake uko kwangu, pamoja na Chura. Kigongo hakuna tena foleni. Daraja limenyooka juu ya maji, na pale tulipokaa kusubiri injini ipoe ninapita bila hata kubadilisha gia. Maneno hayajapita. Hadi leo wananiuliza mwanamke mzima na gari hili la nini, kwa nini nisinunue la familia. Nawajibu tumboni ndilo hilohilo la familia, na mtoto wangu wa kike namfundisha kukamua mpira wa rejeta, kisha nawasha taa ziinuke wazione vizuri.

Majuzi nilimpitia baba mdogo Maige kwenda naye kumzuru babu kaburini. Amezeeka lakini bado ana nguvu zake, na njia nzima alisifia barabara, hakulisifu gari. Tulisimama Busisi kununua maji ya kunywa, na tuliporudi betri ikagoma. Vijana wa pale wakaanza kuinuka, mikono tayari. Nikawaambia asanteni, kaeni tu. Nikamgeukia aliyekaa pembeni yangu. "Baba mdogo, shuka usukume." Akanitazama, akatazama boneti, akacheka kicheko kidogo cha pembeni. "Nikiligusa si litakuwa langu?"

"Jaribu," nikamwambia.

Akashuka, akalisukuma, likawaka. Nikaenda nalo, nikasimama mbele kidogo, makusudi, aje kwa miguu yake mwenyewe.